Vidole vya Tunu

Niliuza shamba ili binti yangu Tunu asomee umeme miaka miwili. Kila muhula chuo kilimpachika utaalamu vidoleni, kidogo kidogo, na siku ya mahafali nilipiga vigelegele kuliko wote.

Jana soketi ya jikoni ikaanza kutoa cheche. Tunu akashika bisibisi, vidole vikakakamaa palepale.

"Mama, nikitoka kazini vinajifunga nikigusa chochote cha umeme. Utaalamu ni mali ya chuo."

"Mali ya chuo! Shamba kauza nani, chuo?"

Nikaizima ile soketi, nikafoka mpaka koo likanikauka. Magharibi nilimkuta fundi wangu amekaa gizani, mikono mapajani, macho kwenye swichi ukutani.

"Mama," akaninong'oneza, "naomba uniwashie taa."