Kidonge cha Jioni

Doa alianguka akielekea kwenye bakuli lake la maji. Miguu minne ikakakamaa, kucha zikaanza kugonga sakafu, povu likamtoka. Fundi cherehani alisukuma meza pembeni, akamlaza mbwa ubavu, akamwekea taulo chini ya kichwa, kisha akatazama saa ya ukutani. Dakika mbili na nusu. Akaziandika kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno na mabega ya mteja wa jana.

Mdogo wake wa kiume alitazama yote hayo akiwa mlangoni, kikombe cha chai kikipoa mkononi.

“Mheshimiwa amemaliza?” akauliza.

Hilo ndilo jina alilompa mbwa. Yeye mwenyewe watu walimwita Fundi Nguzo, ingawa miezi mitano ilikuwa imepita tangu apande nguzo yoyote ya umeme. Alikuja kwa dada yake kupumzika wiki mbili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu ukimpa jembe angelitumia kujiegemeza. Kazi aliiacha mwenyewe, eti nguzo zimemchosha. Mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mabega kama mlango, amechoshwa na nguzo.

Na vituko havikumwisha. Kitanda alichopewa alikitoa nje, akatandika godoro sakafuni, eti kitanda kinapiga kelele. Bafuni hakufunga komeo hata siku moja, kama mtu aliyelelewa porini, mpaka dada yake akazoea kukohoa kila anapokaribia. Ukimwomba aangalie sufuria motoni, jiko si kazi yake. Chai lazima ipoe, kwa sababu ulimi wa bwana mkubwa eti una vidonda. Ukubwa ni jalala, na dada mtu aliyapokea yote.

Kilichomkera zaidi ni dharau yake kwa mbwa. Doa alitoka kwenye kituo cha mbwa waliookolewa. Alikutwa amefungwa kwa waya kwenye geti la kiwanda, na aliyemfunga hakumwachia hata maji. Watu watatu walimchukua kutoka kituoni, na kila mmoja alimrudisha siku ya kwanza alipoanguka. Fundi cherehani alimchukua akijua.

“Mbwa mwenye kifafa ni wa nini, dada?” Fundi Nguzo alisema, akikiruka kidimbwi cha povu. “Nani atampa kazi mtu akijua anaanguka?”

“Kazi gani? Huyu ni mbwa.”

“Ndiyo maana nasema. Na wewe unaandika kabisa kwenye daftari, wateja wasome.”

“Wasome. Mimi sioni aibu.”

“Wewe huoni. Muulize yeye.”

Fundi cherehani alimbeba Doa hadi kwa daktari wa mifugo, mbwa akatolewa damu ya kupimwa, akarudishwa nyumbani, na dada mtu akaenda kufungua kibanda chake cha kushonea.

Dawa ya Doa ilikuwa vidonge viwili kwa siku. Cha asubuhi dada mtu alimpa mwenyewe, amekificha ndani ya kipande cha ini. Cha jioni alimwachia mdogo wake, kwa kuwa kibanda kilifungwa saa mbili usiku. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya nyumba nzima, na ajabu ni kwamba hakuisahau hata mara moja. Kila jioni saa kumi na mbili kamili simu iliita: “Mheshimiwa amekula chake.” Halafu anakata, kama aliyemaliza kujenga ghorofa.

Siku hiyo saa kumi daktari alipiga simu.

“Mama, huyu mbwa anapata nusu ya dawa.”

“Haiwezekani, daktari. Vidonge vinapungua viwili kila siku. Mimi mwenyewe nahesabu.”

“Labda vinapungua kwenye kopo, ila kwenye damu haviko. Akiendelea kuanguka hivi, mwisho wa mwezi itabidi tumpumzishe kwa sindano. Sitaki kukudanganya.”

Fundi cherehani alikaa na mkasi mkononi. Nusu. Nusu ya asubuhi aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri mpaka mbwa ameze. Nusu ya jioni ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye tangu siku ya kwanza alitaka mbwa aondoke. Alishona mkono wa sare ya mtoto wa watu nje ndani, akauona, akauacha hivyo hivyo, akafunga kibanda saa kumi na moja na nusu.

Njia nzima alipanga maneno. Mlaji wa bure, mvivu, muuaji wa kiumbe kisichoweza kujitetea. Asubuhi godoro lake litakuwa barabarani, na yeye juu yake.

Aliingia saa kumi na mbili na dakika moja. Simu haikuwa imeita. Kopo lilikuwa wazi mezani, na kando yake kipande cha ini, kizima, hakijatobolewa. Doa alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bafu, akiukwaruza na kulia kwa sauti nyembamba. Huko ndiko dawa yake ilikokuwa inamwagwa, jioni baada ya jioni.

“Leo nimekukamata,” alisema fundi cherehani, na safari hii hakukohoa. Akasukuma mlango, ambao kama kawaida haukuwa umefungwa komeo.

Mdogo wake alikuwa sakafuni, visigino vikigonga vigae, povu likimtoka mdomoni, glasi ya maji imepinduka kando yake. Mikono ya dada ilimlaza ubavu, ikamwekea taulo chini ya kichwa, na macho yakatafuta saa. Dakika ya tatu vidole vya Fundi Nguzo vililegea, na kidonge cha jioni kikadondoka kutoka kiganjani, bado kikavu.