Mashine Inayopenda Baridi

Jaku alizunguka nyuma ya kontena kama mtu anayetafuta pa kujisaidia, akachomoa fyuzi ya kiyoyozi, akaitia mfukoni. Feni ya nje ilizunguka kivivu, ikasimama. Na hata angeonekana, fundi friji kama yeye akishika kiyoyozi nani angemuuliza?

Mtaa wote wa Raskazone ulimjua Jaku kuwa bingwa wa chemsha bongo. Liwe swali la mpira, la masultani au la samaki, jibu analo. Na asipokuwa nalo, hubisha mpaka watu wachoke. Ndipo ikaja kampuni moja na kontena lake la chuma, likatuliwa uwanjani, spika juu ya mlango. Ndani, walisema, mna mashine yenye akili kuliko watu. Mlango ulitiwa kufuli, na ufunguo alikaa nao Fadhil, mtu wa kampuni, ati siri isiibwe.

"Mashine inapenda baridi," Fadhil alimjibu kila aliyeuliza. "Ikipata joto inachanganyikiwa."

Ilikuwa imemshinda Jaku mara mbili mbele za watu. Ilijua hata mambo ya kijiji cha Mtang'ata ambayo hayajaandikwa popote. Watoto wakaanza kumwita Bingwa Mstaafu, na jina hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

"Leo naiua," alimwambia mkewe Tabia asubuhi ile. Tabia ndiye aliyemsomea maswali ya mazoezi kila jioni, na kuvumilia hasira zake.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, baba Suhaila. Iache."

"Wewe kasafishe ofisi za watu. Haya niachie mwenyewe." Kisha akamwona anatia sweta kwenye kikapu chake cha ukili, akacheka. "Sweta, na jua hili la kaskazi?"

"Nahisi kama nina homa."

"Basi meza vidonge," alisema Jaku, akaendelea kuchana nywele.

Sasa uwanja ulikuwa umejaa, na jua limesimama utosini. Maswali ya mwanzo mashine iliyajibu kabla mtangazaji hajafumba mdomo, kwa sauti yake ileile iliyonyooka ya redioni. Jaku alitulia. Alijua chuma kinavyoiva juani.

Baadaye ikaanza kuchelewa. Ikakosea swali jepesi, ikakosea jingine. Watu wakapiga miluzi.

"Karafuu ni sehemu gani ya mti?" aliuliza mtangazaji.

"Maji," ilisema spika.

Uwanja uliangua kicheko. Jaku akajibu kwa madaha kwamba ni maua yasiyochanua, akapigiwa makofi.

"Zao gani liliitajirisha Tanga?"

"Maji. Maji."

"Mkonge!" alipaza Jaku, na mzee mmoja akapiga kelele kwamba mashine imelewa.

Fadhil alitazama kufuli, akautazama umati, akajifuta jasho. "Tuendelee," alisema.

Swali la mwisho halijaulizwa, spika ikakoroma. "Jaku," ilisema. Na tena, polepole, "Jaku."

"Imesalimu amri!" watu walipiga mayowe. "Inamtaja mshindi wake!"

Wakambeba juujuu, wakamzungusha uwanja mzima kwa vigelegele. Mcheza kwao hutunzwa, na Jaku alitunzwa mpaka shati likapasuka. Alikuwa na furaha, furaha tupu, kama ya siku alipozaliwa Suhaila. Walipomshusha karibu na kontena, alilipiga kofi.

"Leo umenijua!"

Ndani kikagonga kitu, kidogo tu. Chuma kinatanuka kwa joto. Fundi kama yeye alilijua hilo. Akarudi kucheza.

Fadhil hakusogea hadi watu wote walipotawanyika. Alimwomba Jaku naye aende, akamwomba tena. Jaku alikataa katakata. Alitaka kuiona maiti ya mashine kwa macho yake.

"Fungua, bwana. Au unaona haya?"

Ufunguo ulimponyoka Fadhil mara mbili kabla kufuli halijaachia. Alipovuta mlango, mtu aliyekuwa ameuegemea kwa ndani aliangukia miguuni mwa Jaku. Nyuma yake hapakuwa na mashine yoyote: palikuwa na meza, kompyuta ndogo ya kugeuza sauti, na kikapu cha ukili chenye sweta iliyokunjwa.