Swali Kabla ya Mwani

Mkandaji alikuwa hoi, miguu ikimwaka moto, lakini kabla ya kumpaka mtu mwani wa kulainisha ngozi na kumfunga nailoni lazima aulize, maana mjamzito hafungwi.

"Una mimba, dada?"

"Aitoe wapi!" akadakia mama mkwe wa mteja huyo, aliyekwisha kufungwa mpaka shingoni kwenye kitanda cha pili. "Tatu nimezitangaza mtaa mzima, zote zimetoka."

"Sina," akasema mke wa mwanawe kwa sauti ndogo. Viganja vyake vilikuwa vimefunika tumbo, chini ya kitovu, havibanduki.

Mkandaji akatazama ndoo ya mwani wa moto, akatazama sakafu aliyotoka kuipiga deki. Akaisukuma ndoo kwa goti. Mwani wote ukamwagika.

"Wewe, huna macho?" mama mkwe akafoka.

"Uchovu, mama. Na mwani wa leo ndio umekwisha," akasema mkandaji, akainama kuchukua tambara.