Koti la Kipupwe

"Haya mwanangu, lijaribu," alisema Bi Sikudhani, fundi cherehani, akimnyooshea Latifa koti. "Nimeliachia nafasi. Litakufikisha hadi mwezi wa tisa."

Latifa alikuwa amezichora nguo zake za ujauzito mwenyewe, akiwaiga wabunifu aliowaona magazetini. Nguo tano tu za kipupwe, kila moja ikivalika na nyingine, zote zikitanuka kadiri tumbo litakavyokua. Koti ndilo alilolipenda zaidi.

Alilivaa. Likamning'inia mbele kama pazia.

"Mbona umekonda hivi?" fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Au huyo mtoto kakukataza kula?"

Latifa alijitazama kwenye kioo. "Hayupo tena, Bi Sikudhani. Mimba ilitoka wiki iliyopita."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Lipunguze tu. Nataka linikae mwilini."

Bi Sikudhani alilipokea koti, akaligeuza ndani nje na kushona mishono mipya. Kitambaa kilichozidi kilibaki kimening'inia ubavuni, kipana kama kiganja. Akachukua mkasi, akasita.

"Hiki nikikate, au nikikunje nikiache humu ndani? Siku nyingine tutafumua."

Latifa alinyoosha mkono, akakishika kile kitambaa kilichozidi, akawa anakipapasa polepole kwa kidole gumba, na mkasi ukiwa wazi kando ya vidole vyake.