Vioo vya Shule Tatu

Katika kata yetu humwandikishi mtoto darasa la kwanza kabla hujatazama vile vioo vya ofisi ya elimu. Kila shule ina kioo chake, na kila kioo humwonyesha mwanao akiwa na miaka arobaini.

Katika kioo cha kwanza, binti yangu Tegemea alichora daraja la kuvuka ziwa. Katika cha pili alimpasua mtu moyo, mikono imetulia. Nikashika mdomo.

Katika cha tatu, cha shule inayoshika mkia, alikuwa anachambua mchicha. Akainua kichwa, akanitazama.

"Shikamoo, mama."

Kalamu ikamponyoka afisa elimu. "Lakini huwa hawatuoni!"

Tegemea, wa miaka sita, akanivuta kanga. "Mama, mbona yule mama wa kwenye kioo analia?"