Paka wa Bi Mwanahawa

"Asikanyage mtu siku mbili," fundi Shekue alionya alipomaliza kupaka sakafu vanishi. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, akaapa hata paka hatapita.

Siku ya tatu fundi akafungua mlango, akashika kiuno. Sakafu ya mvule aliyoipiga msasa wiki nzima iling'aa kama kioo, ila nyayo za miguu mitupu zilikuwa zimegandia katikati yake.

"Nani kapita hapa, bibi?"

"Labda paka," bibi akajibu, akishusha kanga kufunika vidole vya miguu vyenye vanishi.

Fundi akachutama, msasa mkononi. Nyayo zilikwenda mbele mara mbili, zikarudi moja, kisha zikazunguka.

"Kumbe paka naye aliisikia ngoma ya harusi kwa jirani!"

Bibi akacheka hadi akaegemea ukuta. Fundi akatia msasa mfukoni, akavua viatu, akaweka mguu juu ya unyayo wa kwanza.