Jina la Bwana Harusi

Mgeni wa Kituruki alimwonyesha Mwanakuu picha ya bwana harusi wake kwenye simu, na bwana harusi huyo alikuwa mume wa Mwanakuu. Yule yule aliyeaga juzi kwamba anakwenda Nairobi.

Koni ya piko, ile hina nyeusi, ikamganda mkononi.

"Güzel?" mgeni akauliza. Mzuri, eh?

"Çok güzel," Mwanakuu akamjibu. Mzuri sana.

Mgeni akacheka kwa furaha. Hotelini walimwelekeza Kibokoni kwa fundi wa hina. Nani angemwambia kwamba fundi mwenyewe alijifunza Kituruki kwa simu huku akimenya vitunguu, ili siku mumewe akimchukua kwenye biashara zake za Istanbul asimtie aibu? Merhaba, hujambo. Teşekkür ederim, ahsante. Na yale maneno mawili aliyoyarudia mbele ya kioo mpaka ulimi ukalainika: Ben karısıyım. Mimi ni mkewe.

Mgeni akanyoosha kiganja, akaomba kwa ishara jina la bwana harusi lifichwe katikati ya maua.

"Lütfen," Mwanakuu akasema, tafadhali, akimbana kidole gumba kisitikisike. Akachora asumini, akazungusha majani membamba kama nyuzi. Harufu ya karafuu ikapanda. Piko hii hata angeisugua kwa jiwe isingetoka.

Mgeni alikuwa bado anaitazama picha, anatabasamu peke yake.

Pale palipongoja jina, Mwanakuu akaandika maneno yake mawili ya kioo, kwa herufi kubwa. Akayapuliza yakauke. Kisha akamtoa simu mkononi, taratibu, akamgeuzia kiganja asome.